Mvua Ikinyesha, Mahakama Inasubiri

Mimi kazi yangu ilikuwa kuleta watu.
Orodha mfukoni, pingu mkononi,
kutoka gereza la Soroti hadi kizimbani,
Mwamba ukitusindikiza kwa nyuma.

Jaji Kabasiita alikuja na sanduku la vitabu,
chupa ya chai, na kalamu dazeni mbili za wino mweusi.
Mtooro huyu, Kiteso hakijui hata cha salamu.
Tukasema: hamalizi msimu wa machungwa.
Akamaliza sita.
Wakamhamishia Arua, wakamhamishia Masaka,
kisha wakamrudisha kwetu, nywele zimeingia majivu,
na kidole cha kati kimeota sugu
pale kalamu inapolalia.

Maana aliandika yote kwa mkono.
Shahidi aseme, mkalimani ageuze, yeye aandike,
ng'ombe kwa ng'ombe:
dume jekundu, pembe moja,
lililovushwa mto usiku
likarudi na deni la damu.
"Polepole," alisema. "Kalamu haina magurudumu."

Aliporudi, alirudi na jambo jipya.
Lile jengo letu paa lake ni mabati matupu.
Tone la kwanza likigonga, Jaji anaweka kalamu chini.
Haahirishi. Hanyanyuki. Anakunja mikono,
na sisi sote, mawakili, mshtakiwa,
mama wa marehemu, mimi na pingu zangu,
tunakaa ndani ya kelele ile
kama mbegu ndani ya kibuyu.

Wakili Ssemmanda, wa Kampala, mwenye saa ya dhahabu,
aliwahi kusimama akapaza sauti.
Midomo ilikwenda, neno halikufika.
Jaji akamwonyesha paa kwa kidole.

Nilidhani ni maringo ya wakubwa.

Siku moja akanituma stoo,
nikafukue daftari la mwaka wake wa kwanza.
Panya walikuwa wamekula jalada, si maneno.
Akalifungua mbele yangu.
Jina nikalitambua: Emuria.
Huyo nilimleta mimi, na Luzira nilimpeleka mimi,
kijana wa shingo nyembamba,
kesi ya kaka yake na plau.
Shahidi wa tatu, Asekenye, muuza mihogo.
Jibu lake, kwa mwandiko ulionyooka kama mstari wa gwaride:
Nilimwona.
Na pembeni, kwa herufi ndogo: mvua kubwa.

Yule mama alikuwa amesema hakumwona.
Alilisema tena miaka tisa baadaye,
mbele ya majaji watatu, siku ya jua.

Katika Kiswahili chetu cha kambini
ni silabi mbili tu: nili, siku.
Mkalimani alikwishakufa, hakuna wa kumuuliza.
Jaji hakulia. Alisema,
"Koplo, nilikuwa na haraka ya kumaliza kabla ya chakula cha mchana."
Nikasema ndiyo, afande,
kwa sababu ndilo jibu nililofundishwa.

Emuria siku hizi anaziba pancha nyuma ya soko.
Baiskeli yangu siipeleki kwake.
Nasukuma hadi kwa mwingine, mbali, karibu na stendi,
na nikifika nimechelewa zamu.

Jana tulimuaga Jaji.
Viti vya plastiki, soda, keki yenye mizani ya sukari.
Wazee wa baraza walivaa makoti.
Msajili alisimama na karatasi ndefu:
hukumu ngapi, vituo vingapi, miaka ishirini na mitatu.
Sauti yake ilikuwa nzuri, imekunywa chai ya maziwa.
"Katika utumishi wake wote," akasema,
"Mtukufu Jaji hajawahi—"

Tone.
Kisha la pili, kisha mabati yote.

Jaji akaweka kikombe chini.
Akakunja mikono.
Hakuna aliyeambiwa. Mawakili wakanyamaza,
watoto wa karani wakaacha keki,
na msajili akabaki wima na karatasi yake,
kinywa wazi,
amesimamia pale pale, kwenye hajawahi.