Mengineyo

Ajenda ilikuwa na hoja nne:
takataka za soko la Kadutu,
bomba lililokauka tangu Pasaka,
nyumba zilizoteremka na udongo usiku wa mvua,
na ya nne, mengineyo.
Ndani ya mengineyo, kama dumuzi ndani ya haragwe,
walikuwa wameificha bangi.

Bugumesta alitazama saa: "Dakika kumi, jamani."
Mimi karani nikafungua ukurasa mpya.

Pasta Lwaboshi alisimama wa kwanza.
Jani hili, akasema, lina vidole,
na kila kidole kinaita mtoto wa mtu.
Ukumbi ukapiga makofi. Nimeandika: makofi.

Komanda Zihalirwa akasema sheria ni msumeno.
Hakusema unanolewa wapi.
Magunia aliyokamata mwezi wa nane
yaliingia stoo kumi na moja,
yakatoka kwenda kuchomwa saba.
Niliyahesabu, maana hesabu ndiyo kazi yangu.
Hilo sikuliandika.

Akaja kijana wa miwani, Arsène, na kompyuta kifuani:
kibali, maabara, ushuru, asilimia.
Ng'ambo ya Ruzizi, akasema, jani lilelile
linalala katika nyumba ya plastiki,
linanyweshwa maji kwa bomba asubuhi na jioni.
Sauti ikatoka benchi la nyuma:
"Maji? Basi turudi hoja ya pili!"
Tukacheka wote, hata Pasta.
Nimeandika: kicheko.

Halafu M'Cihinga, aliyeteremka kutoka milima ya Walungu
na tope bado kwenye kandambili:

"Nimelima hiyo kitu katikati ya maharage
miaka ishirini. Imesomesha watoto watano,
na kila kizuizi cha barabarani kimekula sehemu yake.
Sasa mnaleta kibali. Kitaandikwa Kifaransa.
Kitakuwa na bei, na muhuri,
na mlango wenye mtu wa kuniuliza nimetumwa na nani.
Leo naitwa mvunja sheria.
Kesho nitaitwa mlimaji asiye na kibali.
Nielezeni tofauti, niipeleke nyumbani."

Arsène alifunga kompyuta taratibu.
Komanda alitafuta kitu mfukoni, hakukipata.

Nsimire hakuomba nafasi. Alionyesha viganja tu,
vimechubuliwa na kamba.
"Mwanangu namfunga kila jioni.
Anasikia redio ndani ya ukuta.
Msiniambie ni dawa."
Na mzee Birindwa, jirani yake wa benchi,
nyonga imeliwa na saratani,
akajibu akiitazama sakafu:
"Mimi ndiyo inanilaza, mama."
Hawakugombana. Alimsogezea mzee mto wake wa kukalia,
na benchi lilikuwa fupi.

Ningeweza kusema na mimi.
Ndugu yangu Cirhuza yuko mwaka wa tatu gerezani
kwa msokoto mmoja, tena uliobaki nusu.
Kila Jumamosi napanda na sombe ya kwake
na makuta ya mwenye funguo.
Lakini karani hana mkono wa kuinua;
alio nao unaandika.

Umeme ukakatika.
Gizani tukasikia viti, kikohozi,
kisha bugumesta, kwa sauti ya mtu aliyeokolewa:
"Tuahirishe."
Nikaandika bila kuona. Kesho yake niliposoma
neno lilikuwa limempanda mwenzake mgongoni,
*ahirishwa* juu ya *mama*,
na sikupiga chapa nakala nyingine.

Nje mvua ilikuwa imeanza kuonja mabati.
Kwenye kona ya ukuta, chini ya tangazo la marufuku,
polisi aliyetulinda mchana kutwa
alikuwa amekumbatia bunduki kama mtoto mwenye homa,
na harufu iliyomzunguka niliijua.

"Karani," akaita, "wameamua nini?"
"Wameahirisha."
Akavuta, akaushikilia moshi muda mrefu
kama mtu anayefikiri kwa mapafu.
"Kumbe bado ni kosa," akasema,
akasogeza mguu, akanipisha njia.