Bila Kiambishi

Mlango wangu uko Barabara ya Kumi na Mbili, Ngamiani,
kati ya fundi cherehani na muuza betri.
Nakata mbao, nakata vioo: picha za harusi, vyeti vya darasa la saba,
Ayatul Kursi ya nyuzi za dhahabu.
Na kazi za Mwantumu Semkiwa, miaka thelathini na moja,
ambazo kila mara nilimuuliza: juu ni wapi?

Ofisi ya Ardhi ilimlipa kuchora viwanja.
Asubuhi mipaka ya watu, kwa wino mwembamba kama unywele;
jioni, uani kwake Chumbageni,
aliifuta mipaka ileile kwa brashi ya chokaa.
Turubai zake magunia ya mkonge,
ameyaunga kwa sindano ya kushonea magodoro.
Rangi zilitoka bandarini, masazo ya kupaka meli,
na harufu yake haijatoka dukani kwangu hadi leo.

Onyesho la kwanza, ukumbi wa wafanyakazi wa reli,
gazeti liliandika: michoro isiyo na kichwa wala miguu.
Alikikata kipande kile, akaniletea nikitie fremu.
"Kichwa na miguu ninavyo mwenyewe," alisema. "Picha iviazime vya nini?"
Mjerumani mmoja alinunua tatu.
Shemeji yake alichukua moja, akafunikia pipa la maji;
Mwantumu alipokwenda kumjulia hali aliitazama sana,
akasema pale palipolowa pamekuwa bora.

Watu walimwambia, Mama, hujachora kitu.
Alicheka. Alinihesabia kwa vidole vyenye wino:
kijani ni majani, kijivu ni majivu,
zambarau ni tunda linalotia doa kanzu,
manjano ipo jikoni kwako, samawati juu ya bati lako,
na damu ya mzee, mzee gani, mwanangu, nani alimchinja?
"Kwa lugha hii nitachoraje pasipo kitu?
Nikichovya brashi tu, soko zima la Mgandini limeshaingia."

Kisha mtoto wa jicho.
Hakuwa amezaa, na majirani, wasiokosa neno,
wakasema huyu sasa ndiye mwanawe, halali nje.
La kushoto lilipasuliwa Bombo.
La kulia alimkatalia daktari: "Hili bado nalitumia."

Mwaka jana, mvua za vuli, alikuja na bahasha ya eksirei.
Ndani, karatasi ya mfuko wa saruji,
ile tabaka ya kati isiyogusa saruji wala bega la kuli,
imepigwa pasi.
Weusi mmoja, wa masizi ya kibatari na ute wa yai,
unaingia kutoka ukingoni kama mtu aliyechelewa mkutano,
haufiki katikati.
Wekundu, upana wa ukucha.
Weupe, tone la chokaa, labda limedondoka tu.
Kwingine karatasi yenyewe, na mkunjo wake wa kiwandani.

"Zimebaki tatu zisizo jina la kitu," alisema.
"Nazo peke yake hazisimami. Zinangoja
mtu, ziwe mweusi; kiti, ziwe cheusi; jiwe, ziwe jeusi.
Hii nimeichora kabla ya kiambishi."

Mimi niliishia darasa la saba. Nikauliza lililo langu.

Aliigeuza. Akaigeuza tena, mkono ukitetemeka,
akaisogeza karibu na jicho lile bovu.
"Fanya fremu ya mraba," alisema, "na kitundu cha msumari pande zote nne."

Iko tayari tangu Rajabu. Hajaja.
Simu hupokea mpwa wake, ananiambia amelala.
Kila Jumamosi nikifagia vumbi la mbao
naigeuza robo.

Jana muuza betri aliingia kutafuta chenji,
akasimama mbele yake, noti mkononi.
"Hii nini?"
Nilijua rangi yake. Nilifungua kinywa niitaje,
nikakosa herufi ya kuanzia.