Rejista ya Mawe

Mimi ni karani wa mji mkongwe.
Kazi yangu ni kuandika hapana.
Hapana kwa antena juu ya paa la kanisa,
hapana kwa ukuta wa rangi ya waridi,
hapana kwa Bwana Gaudêncio aliyetaka kutoboa ngome
mbuzi wake wapate njia ya mkato.
"Mfalme aliyeijenga hakuwa na mbuzi," alinung'unika,
nami nikagonga muhuri.

Ndani ya kuta hizi tumebaki watu thelathini na mmoja.
Minara tunayo miwili, makanisa manne,
simba wa chemchemi asiyetema maji
tangu nikiwa darasa la tatu.
Na nguzo.
Imesimama mbele ya mahakama ya kale,
ina pete nne za chuma, mahali pa mikono.
Hapo walifungwa walioiba unga
wakachapwa mchana kweupe, mji mzima ukitazama.
Siku hizi maharusi huiegemea wapigwe picha
na watoto hufunga maputo kwenye pete.
Bibi Deolinda, akifika hapo, huvuka barabara.
"Jiwe halina haya," husema. "Mimi ninayo."

Mwezi wa tatu aliniletea ombi: dirisha la alumini.
Mbao zimeoza, baridi ya mlimani inaingia bila hodi,
na kifua chake kinapiga mluzi usiku.
Niliandika hapana, kwa Kireno safi cha serikali.
Nilimwita Nyumba Namba Kumi na Nne.

Alikuja ofisini. Hakupaza sauti.
Aliweka mezani kipande cha fremu,
kikamomonyoka kama mkate wa juzi.
"Huu ndio urithi?
Basi nihifadhini na mimi."

Nyumba njema si mlango, wahenga walisema,
na mshahara wangu wote unatoka milangoni.

Jumamosi nilikwenda, bila tai,
mimi na fundi Zeferino na mbao za mwaloni
(sheria inaruhusu mwaloni; sheria haisemi nani alipe).
Tulipong'oa fremu, gazeti likadondoka,
limekunjwa mara nane, limesokomezwa ufani
na mumewe Abílio, wiki aliyoondoka
kwenda Ufaransa kukoroga zege.
Ukutani, vipimo vyake vya penseli.
Zeferino akapima tena, akacheka, kisha akanyamaza:
Abílio alikosea kwa sentimita moja.
Baridi yote ya miaka hamsini
ilipita kwenye sentimita hiyo.

Bibi aliuomba ule ukuta usipakwe chokaa.
Kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe
mtu ameniomba nihifadhi kitu.

Jumatatu nilifungua rejista, safu ya *Hali*.
Mnara wa kaskazini: nzuri.
Nguzo: nzuri, kwa bahati mbaya.
Chemchemi: kavu.
Namba kumi na nne: nilikaa na kalamu mpaka kengele ya saa sita,
nikaandika:
ndani kuna mtu.