Naenda Kulipia Maji

Wembe mmoja ulinitosha miezi minne.
Hapo ndipo nilipoanza kujua,
kabla ya damu, kabla ya picha ya kichwa,
kabla ya kuambiwa kuna kitezi chini ya ubongo,
ukubwa wa punje ya njegere,
kimeacha kutuma ujumbe.

Nilidhani ni jua la Hombolo.
Nilidhani ni deni la dawa ya ukungu,
ekari mbili za zabibu na mgongo mmoja.
Nina arobaini na sita.
Mwendwa hakuuliza. Alisogeza mto tu,
akalala akiutazama ukuta,
nami nikihesabu misumari ya bati.

Daktari Shemahonge angeweza kuwa binti yangu.
Alifunga mlango, akazima feni tusikilizane,
akanitajia njia za kuingiza mwilini
kile ambacho mwili umegoma kupika.
Hakusifia hata moja.

Sindano ya mafuta, takoni, kila wiki ya tatu.
Hii naijua, nikamwambia, huu ni mfereji.
Zamu yako ikifika maji yanajaa hadi vifundoni,
mzabibu unalewa, unachipua kwa fujo;
kufikia zamu nyingine udongo umepasuka
na majani yananing'inia kama masikio ya mbuzi mgonjwa.
Ndivyo hasa, akasema.
Siku za mwanzo utataka kugombana na upepo.
Siku za mwisho utalia kwa matangazo ya vifo redioni,
vya watu usiowajua.

Jeli, basi. Ya kupaka mabegani kila asubuhi.
Matone!
Bomba jeusi lenye vitundu,
kila shina na tone lake, hakuna mafuriko, hakuna kiu.
Haba na haba. Moyo ukasema, hiyo.

Akaweka kalamu chini.
Nani hukugusa mabega?

Lechipya, nikasema. Mjukuu. Miaka miwili.
Hali uji mpaka akae hapa, nikajigusa,
miguu yake huku na huku ya shingo.

Ngozi yako itamgawia na yeye, akasema.
Ataota nywele zisizo za umri wake.
Unaweza kunawa, kusubiri ikauke, kuvaa shati.
Nikaziona asubuhi zangu zote zijazo:
mtu mzima anamkimbia mtoto kuzunguka kinu.

Kuna bandiko pia. Kwa Oktoba ya Dodoma?
Litadondoka shambani, kuku walidonoe.
Kuna vidonge vya kumezea chakula chenye mafuta,
na mimi mlo wangu ni ugali wa uwele na mlenda.
Kuna vipunje vya kuzika chini ya ngozi ya nyonga,
hivyo ni kisima, unakaa miezi husumbui mtu,
ila huku havijafika, na bei yake aliitaja kwa sauti ya chini
kama mtu anayetaja ugonjwa.

Nikachagua mfereji.

Sasa kila Jumatano ya tatu navaa shati la kola.
Jirani Mbijima akiuliza, naenda mjini kulipia maji.
Maji gani hayo, anasema, wewe huna hata mita.
Ninacheka, ninapanda gari.
Nesi ana mkono mwepesi. Mafuta yanaingia polepole,
mazito, kama asali ya Juni.
Mara nyingine wananitoa damu kwanza,
wanasema isije ikawa nzito kupita kiasi,
nami nafikiria shina linalokunywa
zaidi ya linavyoweza kupandisha.

Si kwamba kila kitu kimerudi.
Mto umerudi, nusu ya njia.
Mwendwa ana kalenda ya chama cha ushirika
na anaizungushia wino bila kunionyesha;
siku ya kumi na nane
anazima redio dakika moja kabla ya vifo.

Leo asubuhi Lechipya kapanda,
kaning'iniza miguu,
kainamia shavu langu kwa shavu lake.
Akajitoa haraka.
Babu, akasema, miiba.
Kisha akarudisha shavu palepale.