Deni

Karisa Mwaringa alinilipa kwa mbwa.
Rimu mbili na mnyororo, elfu moja mia nane,
akaja na kijibwa ndani ya kikapu, akasema, atakua.
Akakua. Nikamwita Deni.

Jumapili maji yakitoka nampeleka pwani,
nyuma ya ile hoteli iliyofungwa.
Huko mbwa ni wengi, wenyewe wachache:
wa majumba makubwa wenye mikanda,
wa jalalani wenye mbavu,
na sisi tumesimama, simu mkononi.
"Waache, mbwa huelewana wenyewe,"
husema kijana mmoja wa bodaboda.
Na kweli huelewana, mpaka wasipoelewana.
Deni alirudi na sikio nusu.
Wiki ya pili akang'ata yeye.
Somo la pwani lilikuwa hilo: kutangulia.
Nikaita, "Deni! Deni!"
Wakageuka wanaume wawili,
mmoja akaongeza mwendo.
Mbwa hakugeuka.

Jumamosi ni zamu ya Bi Nyevu,
aliyestaafu kikosi cha mbwa na goti bovu na filimbi.
Anatupanga wanane nyuma ya ghala la pamba,
hatua sita baina ya mbwa na mbwa,
kazipima kwa kamba ya katani.
Hakuna kunusana. Hakuna kuamkiana.
Wiki tatu tulisimama tu.
Nikanung'unika: mia mbili zangu, nanunua kusimama?
"Wako kucheza anajua," akanijibu.
"Hajui kukaa karibu na kitu asichopewa."
Kisha akaushika mkono wangu, si wa mbwa:
"Legeza. Woga hupita kwenye kamba.
Anayetetemeka ni wewe."

Sisemi pwani ni mbaya.
Kuna mbio Deni hukimbia kule,
masikio nyuma, mchanga unaruka,
hata lile nusu sikio linacheka,
na mbio hizo hazimo kwenye filimbi ya mtu.

Ila mimi naishi Maweni,
kichochoroni, ukuta na ukuta.
Ijumaa Mzee Bwanaheri katoka na udhu wake,
kanzu imenyooka kama karatasi.
Siku zote akituona huzungukia kwa muuza maji.
Leo tulikutana kwenye kona, hakuwahi.
Nikasema, "Kaa," kwa sauti ya kuombea chumvi,
kamba imelala.
Deni akakaa.
Akapita paka pia, Mungu shahidi.
Akakaa.
Mzee akapandisha kanzu kwa vidole viwili,
akapita ubavu ukutani, taratibu,
alipofika mbele akageuka:
"Anaitwa nani huyu?"
Nikamwambia.
Akatikisa kichwa. "Sijapata kuona
deni likakaa kimya."

Keshokutwa maji yatatoka saa nne.
Nitampeleka.
Kamba nayo nitaichukua.