Baki

Dalmacio aliileta kabla majogoo wa Jaro hawajakubaliana saa,
jipni yake ikitapika moshi mweusi
hata jirani akakimbilia kuanua mashuka.
"Inakunywa, Osing," alisema. "Inampita hata marehemu baba."
Akaniwekea daftari juu ya benchi, lina vidole vya grisi:
Jumatatu lita ishirini na nane,
Jumanne ishirini na tisa,
hesabu ya mwenye gari, maegesho, mkate,
na chini kabisa, baki:
tarakimu ndogo, iliyoandikwa kwa aibu.

Haba na haba hujaza kibaba, ndivyo wasemavyo.
Hawasemi kwamba haba na haba hiyohiyo
hukitoboa.

Nilianza na kichujio cha hewa.
Nilikigonga ukingoni mwa karo, likatoka vumbi la barabara nzima ya Leon,
makapi ya mpunga, unyoya, mbawa ya kumbikumbi.
"Unaikimbiza mlimani," nikamwambia, "na pua umeiziba."
Kisha vali. Kipimo chembamba kama ganda la kitunguu
nikakipenyeza: kishike kidogo, kisikwame,
mfano wa jina la mtu uliyegombana naye
likipita kooni.

Nozeli nne nikazijaribu juu ya kopo.
Tatu zilipuliza ukungu.
Ya nne ilidondosha,
tone, tone, tone,
kama mtoto mwenye mafua.
Dalmacio akainama, akatazama kopo muda mrefu.
"Sare ya Rosabel hiyo," akasema.
"Na viatu," nikasema.

Halafu nikaikuta skrubu ya pampu, lakiri yake imevunjwa.
"Nani kafungua hapa?"
Akavitazama viatu vyake.
Kile kilima baada ya daraja, abiria ishirini na wawili,
magunia ya mboga paani, nyuma wanapiga honi;
alitaka nguvu, akaongeza dizeli.
Injini haikupata nguvu. Ilishiba tu,
na kilichoizidi ikakitupa angani, kikalala
juu ya mashuka ya watu.
Nikairudisha skrubu. Robo. Na robo tena. Nikasikiliza.

Wakabaki farasi.
Sita, wa chuma king'aavyo, wametimua mbio juu ya boneti
tangu mdogo wake, Isagani, alipowachomelea
kabla hajapanda meli.
"Hao hawanywi," Dalmacio aliwahi kusema, sijafungua mdomo.
"Hawanywi. Wanabebwa."
Alikwenda kununua sigara, akarudi bila sigara.
Akachukua spana mwenyewe.
Akawafungua watano, mmoja mmoja, akawalaza katika gunia
kama anayewafunika usingizini.
Wa sita sikumuuliza.

Tairi tukazijaza upepo. Breki ya nyuma iliyokuwa ikishika
nikailegeza, gurudumu likazunguka lenyewe
kwa msukumo wa kidole.

Wanasema mwakani magari ya umri huu yataondolewa barabarani.
Mwaka jana pia walisema mwakani.
Yeye huandika baki kila usiku,
nami hulisoma kama neno la kumwambia mtu:
baki.

Siku ya tisa alikuja na daftari.
Lita ishirini na tatu na kitu.
Hakucheka; alikuwa amekunja uso.
Alisema siku hizi kwenye foleni ya kituoni huzima injini,
kama nilivyomwagiza, na ni shida:
anasikia kila kitu.
Anasikia sarafu zikipita mkono kwa mkono hadi kwake,
anasikia bibi mmoja wa safu ya nyuma akihesabu tasbihi
na kuruka moja makusudi.
Anajisikia mwenyewe akipumua.
"Tena kuna kitu kinalia kule chini. Kwii. Kwii.
Hakikuwapo."

"Kilikuwapo," nikasema,
nikavuta kipande changu cha boksi, nikalala chali chini ya gari.
"Nipe kumi na saba."