Mkimbizi Namba Kumi na Nne

Asubuhi wametugawia kadi, zimefunikwa nailoni.
Yangu inasema: Wewe ni mkimbizi namba kumi na nne.
Mumeo ameuawa. Hujui Kiingereza.
Ukifika kizuizini, lia.
Nikatia sahihi: Garmai, kwa herufi zangu za kuinama.
Sedi themanini kwa siku, na wali wa mchana.

Nikapewa na mtoto.
Mdoli wa plastiki, jicho moja halifumbi,
kavikwa fulana ya timu fulani ya Ulaya.
Nikamfunga mgongoni, mafundo mawili,
moja kifuani, moja kiunoni.
Meja Thibault akacheka, cheko la mtu mwema:
"Mbele, mama. Mbele, kamera imwone."
Nikamleta mbele.
Sijapata kuona mtu akikimbia na mtoto mbele.

Hapa Bundase nyasi zimekauka,
mstari wa chokaa ndio mpaka
kati ya nchi mbili zisizokuwapo.
Waasi ni makoplo wa kikosi cha pili,
vitambaa vyekundu kichwani,
wanataniana kichakani wakingoja filimbi.
Walinda amani watasafiri mwezi ujao.
Kofia zao za buluu zingali na harufu ya boksi.

Filimbi.
Tukatembea, thelathini sisi,
karibu wote masalia wa Buduburam,
tuliokuja Ghana kwa siku chache
tukazeekea hapa.
Luteni Dzokoto akainua kiganja: "Simameni! Tumekuja kuwalinda."
Meja akasimamisha saa.
"Namba kumi na nne, hulii. Turudie."

Basi nikalia.
Nililia kilio cha kukodi, chenye kwikwi na kamasi,
hata waasi wakanipigia makofi.
Luteni akanijia mbio, akanipa maji,
akapata tisini kwa mia.

Kizuizi chetu, kile cha kwetu,
kilikuwa kamba ya kuanikia nguo
na kijana aliyevaa wigi la bibi harusi.
Hakuna aliyelia pale.
Aliyelia alitolewa mstarini.
Nilikuwa na mtoto wa dada yangu, Kebbeh,
nikamziba mdomo kwa mkono huu,
huu ulioshika kadi.
Nilipouondoa tulikwisha kuvuka,
naye hakuwa akilia tena.

Hayo hayamo kwenye kadi.

Mchana Luteni akaja na sahani yake,
akakaa chini, kwenye vumbi, na buti zake mpya.
"Mama, nilikosea wapi?"
"Meja amekupa tisini."
"Sikumuuliza Meja."
Nikatoa mwiba wa samaki kinywani, nikautazama.
"Ulimkimbilia anayelia," nikasema.
Sikuongeza neno. Naye hakuuliza.
Samaki alikuwa na chumvi nyingi.

Alasiri, filimbi tena.
Nikalia kama nilivyolipwa.
Luteni akanipita.
Akawapita wenye bandeji za rangi nyekundu,
akawapita wazee wawili waliokuwa wakigombana vizuri sana,
akaenda hadi nyuma kabisa
aliposimama Sianeh, namba ishirini na tisa,
aliyesahau maneno yake,
mikono kwapani, macho kwenye chokaa.
Akavua kofia. Akachuchumaa.
Sikusikia alichomwambia.
Nilimwona tu Sianeh akitoa mkono mmoja kwapani.

"Muda umekwisha!" Meja akaandika.
Kaacha nafasi yake. Kavua kofia eneo la hatari.
Hamsini na tano.
Wala Meja hakukosea: kijana akivua kofia
huko aendako, watampiga risasi ya kichwa.
Nalijua hilo pia. Yote mawili nayajua,
na hakuna aliyenipa ubao wa kuandikia alama.

Jioni nikarudisha kadi,
nikahesabu sedi zangu mara mbili.
Lori la jeshi likatushusha barabara kuu.
Nilipoinama kufungua mlango
ndipo nilipohisi kitu kikigonga uti wa mgongo,
chepesi, kigumu.
Mafundo mawili. Sikumbuki nilimhamisha saa ngapi.